Panya wa Mtego wa Mwenzio

Siku ile naikumbuka kila nikisikia kitu kinakwaruza ndani ya bati. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, nimeketi kwenye basi la kwenda Mbinga, mapajani nimepakata kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko. Ndani mlikuwa na panya wa kuiba.

Ngoja nikueleze, mwanangu, usicheke kabla ya wakati. Enzi zile za soko huria kila mtu alikimbilia mjini kutafuta, nami nikatoka kijijini kwetu Maguu, nikapata kibarua cha kulisha panya kwenye maabara ya utafiti. Panya wenyewe weupe, wamebadilishwa jeni, yaani ile asili ya urithi mwilini imeguswa kidogo tangu kabla hawajazaliwa. Daktari wetu, mama mmoja mkali, alitaka kujua kwa nini wengine huzeeka na nguvu zao na wengine huzeeka na maradhi. Ng'ombe hazeeki maini, wanasema. Basi mmoja wa wale panya, mwenye kipini cha alama sikioni, aliwapita wenzake wote umri na bado alikuwa anapanda wavu wa kizimba.

Zikaja habari kwamba baba hatembei tena. Baba yangu, mtegaji hodari kuliko wote Maguu! Unajua kwetu panya ni mboga, tena mboga ya heshima. Nikawaza, loo, ujinga ule, kwamba nguvu za yule panya zitapita kwenye chungu zimwingie baba. Nikamwiba.

Nilimkuta baba jikoni, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi nikuone."

Sikukaa. Niliinjika maji haraka, nikafungua kopo. "Huyu hazeeki ovyo, baba. Ukimla utatembea."

Macho yake yakawaka. Nilimwona mzee wangu anavyotaka kuishi. Akampokea, panya anapiga mateke, maji yanaanza kuchemka. Kisha kidole chake kikagota kile kipini cha sikioni.

"Hiki nini?"

"Alama tu, baba."

"Kaiweka nani?"

Nikainama kuchochea kuni. Kwetu ukikuta mtego wa mwenzio umenasa, unapita, hata kama nyumbani hakuna mboga. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Umekuja kunilisha panya wa mtego wa mtu? Cha mtu mavi, wewe! Na huyo aliyetega anamtakia nini?"

Nikamweleza huku nalia: anamtazama atakavyozeeka mpaka mwisho, huenda siku moja wazee wakapata nafuu.

Baba alimshika kitambo kirefu. Nikaogopa atasema mtie chunguni. Mwishowe akamrudisha koponi, akafunika mwenyewe. "Wazee wangapi wanamngoja huyu, nawe umtie kwenye chungu cha mmoja? Mrudishe kesho."

Nikaondoka alfajiri. Panya alifika hai, lakini daktari alimfuta daftarini: amelala nje, amekula visivyojulikana, hatamfundisha mtu kitu tena. Miaka yote ile ya kumtunza ikapotea kwa tamaa yangu. Kazi nikafukuzwa, na nilistahili. Niliporudi Maguu, kaburi la baba lilikuwa bado bichi. Jirani aliyemuuguza akaniambia alikuwa anarudia neno moja tu: "Alikuja, lakini hakukaa."

Haya, mwanangu, majuto yangu hayo, wewe usiyarithi. Ukiona mtu anafanya kazi ya subira, usiikatize kwa haraka zako, hata ukiwa na huruma ya kweli. Na mzee wako usimtafutie miaka ya wizi. Mpe siku zako ulizo nazo. Akikuambia kaa, wewe kaa, maji yachemke baadaye. Mungu akufikishe uzeeni na miguu yako miwili, na siku hiyo awepo mtu wa kuvuta kigoda aketi karibu nawe.