Jumanne ya Nepi

Modesta alijifungua Winnie kwa operesheni, na mama yake huko Magu alikuwa mgonjwa, hakuna wa kuja kumuuguza. Mumewe, Luhende, akafanya jambo ambalo wavuvi wenzake wa mwalo wa Kayenze, wanakopakulia samaki, hawalifanyi: aliacha nyavu akakaa nyumbani. Akapika uji, akamkanda mkewe miguu, akafua nepi na kuzianika chumbani, mlango umefungwa.

"Wakiniulizia, sema niko ziwani," alimwambia. "Wakijua nafua mavi ya mtoto, mwaloni sitakaa. Watanipa jina mpaka nizeeke nalo."

Wenzake alikuwa amewaaga kwamba anakwenda kuvua Ukerewe. Basi kila aliyebisha hodi Modesta alimjibu hivyo hivyo: yuko ziwani.

Jumanne ya wiki ile majambazi wenye bunduki waliwavamia wavuvi majini, wakawanyang'anya injini tano. Siku kumi baadaye mmoja wa waliokamatwa akamtaja Luhende kuwa ni mwenzao. Askari walimchukua mwaloni, kisha, kabla habari hazijamfikia, wakaja kwa mkewe.

"Mama, Jumanne ile mumeo alikuwa wapi?"

Mtoto analia, mshono unauma, na mdomo ulishalizoea lile jibu.

"Ziwani."

Wakaandika. Akasoma, akasaini kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba.

Kesi ikapigwa tarehe miaka mitatu. Washitakiwa sita, genge la uhalifu na unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna. Zamu ya utetezi ilipofika, Luhende alikuwa na shahidi mmoja tu.

"Alikuwa nyumbani, mheshimiwa," Modesta alimwambia jaji. "Alikuwa anafua nepi."

Watu wa nyuma wakacheka. Luhende akainamisha kichwa.

Wakili wa serikali akamletea karatasi. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Soma hapo, mama. Kwa sauti."

"Alikuwa ziwani."

"Sasa ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile nilimsitiri."

"Unamsitiri vipi mtu ambaye hajafanya kosa?"

Mtu wa suti utamwelezaje kwamba pale mwaloni mwanaume anaogopa kuchekwa kuliko dhoruba?

"Ilikuwa aibu," alisema Modesta.

"Aibu ya nepi?"

"Ndiyo, baba."

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Siku ya hukumu jaji alisoma taratibu. Alisema mke anapingana na maandishi yake mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyemwona mshitakiwa nyumbani. Miaka thelathini, wote sita. Modesta alihesabu vidoleni: Winnie atakuwa na thelathini na mitatu.

Nje alimkuta Nestory, aliyekuwa akivua mtumbwi mmoja na Luhende. Kofia ilikuwa mkononi.

"Shemeji, kweli alikuwa anafua?"

"Kweli."

"Sasa si angetuambia? Tungemcheka siku mbili, tatu, tukachoka."

Karandinga la wafungwa lilikuwa limeshawashwa. Modesta akamnyanyua Winnie juu, juu ya vichwa vya watu.

"Mpungie baba."

"Yupi?"

Kwenye waya wa dirisha vilikuwa vidole tu, vingi, vya watu wengi. Mtoto akavipungia vyote.