Makangaga Yaliyochemshwa Mara Moja

Harufu ya kinamasi kilicho chini ya Newala ilikuwa ya tope lililochacha, nayo ilitung'ang'ania mwilini hata baada ya kuoga. Huko ndiko mama alikonipeleka mwaka wa njaa, baada ya askari wa Mjerumani kuchoma maghala ya vijiji vyetu kwa sababu ya vita vya Maji Maji. Tulichuma makangaga, machipukizi yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Yana sumu. Mama alifundishwa na bibi yake kuyachemsha mara tatu kwa maji ya majivu, akiyamwaga kila mara, na bado yaliteleza kooni kama kamasi.

Jirani yetu, Mama Fatu, ndiye aliyewaonyesha askari shimo tulimoficha mtama. Walimwahidi kwamba mtama wake hawataugusa, wakauchukua wote. Baba alipokataa kuondoka juu ya shimo, walimpiga kwa vitako vya bunduki, akafa siku ya tatu. Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Fatu alitukuta kinamasini, mbavu zinahesabika, amemshika mkono Fatu, rafiki yangu wa kutwanga naye.

“Mama Asha, najua huna sababu ya kunijibu,” alisema. “Haya mnayapikaje?”

Mama hakuacha kuchuma. “Chemsha mara moja, mpaka yalainike. Basi.”

“Mungu akulipe.”

Nilimtazama mama, naye akanitazama mpaka nikainamisha uso. Tulipanda mlima pamoja, mimi na Fatu tumebeba kikapu chao, kila mmoja upande wake. Njia ile ni ndefu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema.

Fatu alitapika siku mbili, kisha akafa. Mama yake alipona, kwa kuwa karibu chungu kizima alimwachia mtoto. Mama yangu alikwenda kumwosha maiti, akarudi, akawasha moto, akateleka makangaga yetu kwa mara ya tatu.

Sasa tuna mihogo na korosho, na wajukuu wangu husukuma sahani kando. Nikiwasimulia, husema njaa ndiyo iliyotupotosha, tusijilaumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo huwa siwabishii. Lakini asubuhi ile, kabla ya kushuka kinamasini, mama na mimi tulikuwa tumekula.