Kadi ya Elibariki wa Kikwe

Kama unataka kubishana, kabishane na wengine. Mimi nimechoka. Ninachokueleza kilinipata mwenyewe, Arusha hii hii, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Mke wangu anajua. Binti yangu anajua. Mchungaji nilimweleza, akaniombea, akaniambia nipumzike. Nikamjibu, mchungaji, ningekuwa na pa kupumzikia ningekuja kwako kutafuta nini?

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Kiwanda nilichofanyia kazi tangu ujana kiliuzwa, tukapunguzwa. Nikapata kibarua cha kuangalia pampu za maji kwenye shamba moja la maua huko Usa River. Na milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kilichochakaa ng'ambo kinashushwa kwetu: friji, redio, viatu, kompyuta. Nguo za namna hiyo tuliziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe kafa huko, wewe huku unavaa. Tulilisema huku tunacheka. Waliokufa huku huku kwetu hatukuwafikiria.

Binti yangu Upendo alikuwa kidato cha pili alipogongwa na gari karibu na kwetu Engutoto. Nyonga ikavunjika. Akawekewa vyuma, akarudishwa nyumbani kulala chali, miezi na miezi. Mtoto huyo alikuwa mkimbiaji wa shule. Siku moja akaniambia, "Baba, kwa kina Happy kuna kompyuta ina gemu la magari. Unaendesha kwa vidole tu, miguu haihitajiki." Akageukia ukutani. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilimwambia nitakuletea, na baba akishasema kwa mtoto wake, ameshasema.

Kompyuta nzima ya gemu sikuiweza. Kijana mmoja wa kazini akanishauri ninunue spea moja moja, niunge mwenyewe nyumbani. Mimi ni mtu wa mashine, nikaona hilo haliwezi kunishinda. Upendo aliazima kitabu cha kompyuta kwa kina Happy, akaniandikia orodha kwenye karatasi ya daftari: keisi, powasaplai, prosesa, ramu, hadidiski ya kuhifadhia mafaili, mazabodi, yaani ubao mkubwa unaobeba vingine vyote, na kadi ya picha. Hiyo ya mwisho aliipigia mstari mara mbili. Alisema bila kadi ya picha magari hayakimbii, yanatambaa.

Mwaka ule kulikuwa na mgao wa umeme. Mitaa ilikatiwa kwa zamu, na zamu ya mtaa wenye maduka ya kompyuta iliangukia siku yangu ya mapumziko. Mkosi mtupu. Nakuomba ulielewe hili: anayenunua spea ya mtumba bila kuijaribu kwenye umeme ni mjinga, kwa sababu ikishavuka kizingiti hairudishwi. Ila mimi siku nyingine sikuwa nayo. Nikaingia hivyo hivyo, gizani, nimeshika karatasi yangu.

Duka lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, Mzee Kanti, familia yao iko Arusha tangu baba yangu hajazaliwa. Nilikuwa nimeshika mazabodi moja naigeuzageuza kama mtu anayekagua nyanya, nikasikia sauti mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hiyo iache. Haitaipokea prosesa uliyoandikiwa, miguu yake ni mingine. Chukua ile ya chini, yenye vumbi."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti la bluu la kazi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu jeusi la kuungua, kama la mafundi redio. Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu asubuhi, Mlima Meru wote umefunikwa, na koti lake lilikuwa kavu. Hilo nililiona. Nikajiambia amesimama chini ya paa la mtu, basi.

Nikachukua ile yenye vumbi. Mzee Kanti alipoipokea kuifuta aliniangalia juu ya miwani. "Wewe mzee unajua vitu," akasema. "Kumbe fundi, halafu unajifanya mgeni." Nikadhani ananitania. Mwenye kujua si amesimama pale mlangoni? Nilipogeuka nimshukuru, hayupo.

Wiki iliyofuata, siku ile ile ya mgao, nikamkuta tena. Na iliyofuata. Hakuingia dukani hata mara moja, aliishia kizingitini. Hakuniomba hata soda, na wewe unajua mjini hakuna anayekusaidia bure mara mbili. Akaniongoza mpaka kwenye meza ya muuza redio karibu na sokoni, chini ya rundo la nyaya kulikuwa na prosesa. Akanipeleka kwa fundi wa saa, eti hadidiski ikawa imewekwa pale juu ya gazeti kukandamiza karatasi. Mimi nilichagua nini? Sikuchagua kitu. Nilikuwa nanyoosha mkono anaposema nyoosha. Kuhusu kadi ya picha tulikwenda maduka manne. Ilikuwa kubwa, ina feni yake ndogo, bawa moja limemeguka. Alipoiona alinyoosha kidole kutoka mlangoni.

"Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Hakuna nyingine Arusha nzima."

Nilimwuliza jina. Akaniuliza, "Mtoto wako ana miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema, "Wangu ana tisa." Tukaendelea kutembea. Nakiri nilimpenda yule mtu. Nilikuwa nimechoka kazini, nimechoka nyumbani kumgeuza Upendo asipate vidonda, na kulikuwa na mtu mmoja tu hapa mjini aliyejua ninachokitafuta.

Keisi ilikuwa ya mwisho. Hiyo alinielekeza Usa River, kwenye banda la vyuma chakavu, mita chache tu kutoka ninaposhukia kila asubuhi kwenda kazini. Nikanunua boksi lenye kutu na kinyesi cha kuku. Nilipoinua kichwa alikuwa upande wa pili wa barabara, analitazama lile boksi. Hakuvuka.

Tukaiunga sebuleni, mimi na Upendo. Nilitandika mkeka, nikamlaza kwa ubavu mzuri, akawa anasoma kitabu na mimi natia skurubu. Sasa kitu cha ajabu, na hapa ndipo nilipaswa kushtuka. Hakuna kilichokataa. Spea za maduka saba, za mikono saba, na kila skurubu ilikuta tundu lake, kila waya ulifika bila kuvutwa. Mtu wa mashine anajua jambo hilo halipo. Umeme uliporudi saa kumi jioni nikabonyeza swichi. Ikawaka mara ya kwanza. Monita yetu ya kuazima, ile ya kichogo kirefu nyuma, ikatoa picha. Gemu la magari lilikuwamo tayari ndani ya diski. Kwenye orodha ya washindi kulikuwa na jina moja kutoka juu mpaka chini: ELIBARIKI, ELIBARIKI, ELIBARIKI.

Mke wangu akacheka, akasema mwenyewe alikuwa bingwa. Upendo hakucheka. Yeye alikuwa amelala chini, macho yake yako usawa wa mfuniko wa keisi nilioulaza pembeni. "Baba," akasema, "huku kwa ndani kumeandikwa." Nikauinua. Kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa mtu mwenye haraka: Ya Elibariki, Kikwe. Baba atamalizia.

Nikamkumbuka yule wa kizingitini, aliyesema wake ana tisa. Nilishaelewa kabla sijataka kuelewa.

Jumapili nilikwenda Kikwe bila kubeba kitu, nikauliza uliza. Nyumba haikuwa mbali na barabara. Mama wa pale alikuwa anapukuchua mahindi, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nikamwambia natafuta nyumba yenye mtoto Elibariki na baba fundi kompyuta. Akaacha mahindi.

"Baba yake tulimzika Januari," akasema. "Alikuwa anamuungia mtoto kompyuta. Ilikuwa inawaka tayari, mtoto anaichezea, ilibaki kidogo tu. Shemeji akaja akaifungua, akauza kipande kipande, na matanga hatujaanua."

Wewe unajua maana yake. Kwetu Machame ni hivyo, kwa Wameru ni hivyo: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ukoo ukae, uanue matanga, ugawe. Hata koti halivaliwi. Mimi nimekulia humo, nimekaa kwenye vikao hivyo tangu nina nywele nyeusi. Lakini dukani nani anauliza? Spea ni spea. Tunauliza bei, tunauliza kama ni nzima, hatuulizi mwenyewe yuko wapi.

Nikamwuliza kama marehemu alikuwa na kovu kwenye kidole gumba. Yule mama aliinua kidole gumba chake cha kulia, akaniuliza nimelijuaje. Nikamwambia nitaileta ile kompyuta.

Mke wangu akasema rudisha yote.  Usiku ule nilimsikia Upendo anacheza, sauti ameipunguza kabisa, vidole tu kwenye kibodi. Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiambia, nimenunua kwa jasho langu. Nilijiambia, yule mtoto ana miguu yake miwili, wangu hana. Asubuhi nikachomoa ile kadi yenye feni ya bawa lililomeguka, nikaificha kabatini chini ya Biblia za zamani, nikaweka kadi nyingine ya kawaida. Nikafunga mfuniko vizuri. Maiti atajuaje?

Mtoto alikuwa mwembamba, mpole, akanipa shikamoo akiwa ameshika mikono nyuma. Nilipoitua kompyuta mezani hakuuliza monita, hakuuliza kibodi. Aliomba bisibisi. Alifungua mfuniko mwenyewe, akachungulia ndani, akaniuliza bila hasira yoyote:

"Ile kubwa yenye feni iko wapi?"

Mama yake akasema, "Elibariki, mshukuru mzee." Na mimi nikamwambia mtoto yatima, namtazama usoni, "Iliharibika, baba. Ilitupwa." Akasema asante. Akarudisha skurubu zote, moja moja, zikakaa.

Nilitoka pale kwa miguu, nataka barabara kubwa. Mchana kweupe, na nikasikia redio za nyumba zote zinakatika kwa pamoja, umeme umekwenda. Alikuwa ametangulia mbele yangu njiani, koti la bluu. Sikuwa na mbavu za kukimbia. Nilipomfikia akaniamkia vile vile, kwa heshima yote.

"Shikamoo mzee. Bado kimoja."

Akasema hivyo tu. Hakunitisha. Angenitisha ingekuwa nafuu, maana mtu anayekutisha unaweza kumkemea.

Utauliza, kwa nini hukurudisha siku ile ile? Nimejiuliza zaidi yako. Nilimuungia Upendo kompyuta nyingine ya ovyo ovyo, nikaitia ile kadi, akaendesha magari yake mpaka akaanza kusimama, mpaka akatembea na magongo, mpaka akayaacha. Kila mgao nilikuwa nasema wiki ijayo. Nilipokwenda Kikwe hatimaye, nyumba ilikuwa na watu wengine. Mmoja akasema mama Elibariki karudi kwao, mwingine akasema kaolewa Babati, mwingine hakumjua kabisa.

Basi ndiyo maisha yangu tangu hapo. Umeme ukikatika, popote nilipo, nageuka kutazama mlangoni. Yupo. Kazini, kanisani, siku moja hospitali ya wilaya nikiwa nimelazwa kwa presha. Haingii, anaishia kizingitini. Shikamoo mzee, bado kimoja. Mimi nimezeeka na yeye bado ana miaka thelathini na kitu. Nami naitikia marahaba, kwa sababu nilifundishwa kuitikia. Watu wenye uwezo wamenunua jenereta kwa ajili ya friji zao. Mimi nilinunua ili nipate kulala, na jenereta nayo huishiwa mafuta.

Mwaka jana nilimweleza Upendo. Sasa ni mama wa watoto wawili, anakaa Moshi, anatembea kwa kuyumba kidogo tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia stoo, akafungua ile kompyuta ya ovyo, akaichomoa kadi, akaipangusa kwa kanga yake.

"Ungeniambia, baba," akasema. "Ningempa siku ile ile."

Miaka yote hiyo, mzigo wote huo, na kumbe binti yangu angempa mwenzake.

Kwa hiyo wewe unayezunguka madukani kuunga kompyuta yako ya kwanza, sikiliza. Kabla ya kuuliza kama kinawaka, uliza kilikuwa cha nani. Ukiambiwa mwenyewe kafa, uliza kama matanga yameanuliwa. Wakikucheka, waache wacheke. Na ukigundua umeshika cha mtu, rudisha chote. Usibakize hata skurubu.

Kadi ninayo, iko kwenye mfuko wa ndani wa koti hili, nimeifunga kwenye kitambaa. Kama unamjua mtu anayeitwa Elibariki, atakuwa mtu mzima sasa, aliwahi kukaa Kikwe na mama yake, baba yake alikuwa fundi mwenye kovu kwenye kidole gumba, mwambie ile kubwa yenye feni haikutupwa. Mwambie mzee mmoja alimdanganya. Mwambie aje aichukue, baba yake apate kwenda zake, na mimi nilale.