Majarida Yenye Mafuta

Jumamosi, tarehe 7 Februari 2004, mvua ilinyesha Masasi tangu alfajiri. Mama Hamida alikaanga maandazi kibandani kwake Mkomaindo, redio kando ya karai, roho juu. Mteja wake, mtangazaji, alikuwa amepewa siku hiyo moja tu kujaribu kipindi cha muziki wa dansi, kisiponoga, basi. Kila alipokuja kibandani, kabla hajala andazi aliinyoosha kwanza karatasi iliyolifunga, ukurasa wa jarida kuukuu la muziki, akainyunyizia unga wa muhogo unyonye mafuta, kisha akaipuliza taratibu. "Mmakonde wewe, utashiba makaratasi?" Mama Hamida, Myao, alizoea kumtania. "Mtani, andazi likiliwa limekwisha," naye hujibu, kwa sauti nzito isiyo na haraka.

Siku hiyo basi lililobeba kanda alizoazima Newala lilikwama kwenye tope. Hewani hakulalamika. Alifungua kurasa za majarida alizozihifadhi, akasimulia bendi moja baada ya nyingine, nani alipuliza tarumbeta, nani alishona suti zao, mpaka wateja wa kibandani wakasahau chai. Kisha akasema, "Ukurasa huu nilifungiwa maandazi na Mama Hamida wa Mkomaindo." Wateja wakaangua kicheko. "Nyamazeni, mwanangu anaongea!" akafoka Mama Hamida, ambaye hakumzaa.

Kesho yake asubuhi mtangazaji alikuja na mwenye kituo cha redio, aliyekwisha kukubali kipindi kiendelee. Akalipangusa benchi kwa kiganja, akamwambia, "Karibu, bosi. Hii ndiyo maktaba yangu."