Vifurushi vya Jumanne

Mama Araba Otuwa hakuwahi kutoa kitu kimyakimya mpaka alipofika miaka hamsini na tisa, na alipojaribu mara hiyo moja nusura amuue mtu. Nasema hivi tangu mwanzo, asije mtu akadhani nasimulia habari za mtakatifu. Alikuwa muuza chenga za muhogo, zile zilizokaangwa za kuloweka au kula kavu, hapa kwetu Dwenase, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumgeuza mteja aliyekwisha vuka barabara. Benchi la tatu kanisani lilikuwa na jina lake mgongoni, limechongwa kwa herufi za kutosha kusomwa na mtu asiye na miwani.

Tusimwonee, kutoa alitoa. Alitoa saruji, mbuzi, pazia za madhabahu, na msiba wa mtu yeyote ulipotangazwa yeye alikuwa wa kwanza kuleta mfuko. Ila ilibidi ijulikane. Kwenye Sikukuu ya Mavuno kwetu katibu husoma kwa kipaza sauti nani kaleta nini, na aliyetajwa husimama, akina mama wakampungia vitambaa vyeupe. Mama Araba alikuwa akishona gauni jipya kwa ajili ya kusimama huko.

Basi mwaka juzi katibu akafunua kurasa mbili kwa pamoja na jina lake likarukwa. Alikuwa ameleta mifuko minne ya chenga, zote amekaanga kwa mikono yake. Alikaa pale na gauni lake akingoja, mpaka wimbo wa mwisho ukaimbwa. Mlangoni alimkamata katibu shati, akamwambia maneno ambayo sitayarudia. Alipofika nyumbani hakuvua gauni. Akaketi mbele ya tanuri lake lililopoa, na ghafla akajiuliza kama mifuko ile alimpa Mungu au alimpa katibu.

Swali hilo lilimtisha kuliko alivyotaka kukubali. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na tangu utotoni alimfundisha kwamba anayetoa ili aonekane amekwisha kulipwa, asitarajie kingine. Na mwezi uleule muuguzi wa zahanati akamwambia moyo wake unapiga ovyo. Akampa vidonge vya kumeza kila adhuhuri, akamkataza kubeba magunia, kukimbia, na kugombana. Hilo la mwisho lilimchekesha, lakini usingizi ulimpaa. Alijiona anafika huko juu mikono mitupu, anaambiwa malipo yako ulishachukua yote, mama, rudi ulikotoka.

Akaweka nadhiri. Mwaka mzima atamlisha mtu mmoja, na hakuna kiumbe atakayejua.

Alimchagua Bentsiwa, mjane mdogo aliyepanga chumba nyuma ya shule, aliyeuza maji baridi stendi na kulea kabinti kake ka miaka minne, Nyaneba. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye mchikichi, kijana mwenye afya, mkweaji tangu utotoni, na kaka wa marehemu, Kojo Arhin, hakukubali kwamba ni kuanguka tu. Huyu Kojo alizunguka mji akisema kuna mkono wa mtu. Mama Araba aliyasikia hayo kama sote tulivyoyasikia, ila hakuyatia maanani.

Kila Jumanne, kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa Jumanne, aliamka kabla ya mwanga. Alifunga kifurushi: chenga za muhogo, maharage, samaki wa moshi, chupa ndogo ya mawese. Alikifunga kwa kitambaa cheupe kisafi, akapiga mafundo matatu, moja la Baba, moja la Mwana, moja la Roho Mtakatifu. Alikiweka kizingitini kwa Bentsiwa, akaondoka kwa ncha za vidole, huku amejawa na furaha ya msichana aliyetoroka kwao.

Jumanne ya tatu alipogeuka alikutana uso kwa uso na bibi kizee Nana Kwansima. Bibi huyu, asiye na mtoto wala jamaa, alikuwa na desturi ya kufagia njia ya kwenda kanisani kila alfajiri. Hakutumwa na mtu na hakuwahi kushukuriwa. Alisimama na ufagio wake, akatazama kile kitambaa kizingitini.

"Nana, nakuomba," Mama Araba akanong'ona. "Hukuniona. Hili ni langu na Mungu."

"Macho yangu yana ukungu siku nyingi, mwanangu," bibi akasema. "Nimeahidi. Pita, nisikutimulie vumbi."

Wiki zikaenda. Mama Araba alipita stendi makusudi kumtazama Bentsiwa, maana hata katika siri alitamani walau kauso kenye shibe. Akaona kinyume. Bentsiwa alikuwa anakonda, na yule mtoto alilala juu ya maboksi bila hata kufukuza nzi. Kwenye fremu ya mlango wao pakaning'inizwa chupa ya maji ya chumvi, ya kukinga uchawi. Sokoni mwanamke wa nyanya akamwambia Mama Araba kwa sauti ya chini kwamba nyumba ile imetegwa. Kila Jumanne, akasema, kitu cheupe kinaachwa mlangoni, kina mafundo matatu, na mtoto anazidi kuzama.

Mama Araba alicheka. Halafu akaondoka, nyanya hakununua.

Angepaswa kusema pale pale. Mimi ningekuwepo ningemfinya. Lakini alijiambia ataacha tu kupeleka na mambo yatapoa yenyewe, nadhiri yake itabaki nzima. Na chini kabisa ya hiyo sababu nzuri palikuwa na nyingine: aliogopa. Anayeweka vitu vyeupe milangoni gizani ana jina lake, na jina hilo hakulitaka. Jumanne ya saba hakwenda.

Jumamosi yake, asubuhi kweupe, alisikia makelele nyuma ya shule. Uani kwa Bentsiwa palikuwa pamejaa watu. Kojo Arhin alikuwa amemleta nabii wa kambi ya maombi, yule wa ng'ambo ya mto, mtu mwembamba mwenye kanzu ya zambarau na sauti ya upole. Kambi ile tunaijua. Mwanamke wa mwisho kupelekwa huko kuungama alirudi baada ya miezi miwili akiwa hawezi kusimama, na hakuna aliyemuuliza alama za vifundoni zilitoka wapi. Nabii alikuwa amesema adui ni mtu ambaye miguu yake hutembea watu wangali wamelala. Mji mzima ulijua ni miguu ya nani hiyo.

Nana Kwansima alikuwa amepigishwa magoti mchangani. Ufagio wake ulikuwa umevunjwa vipande viwili. Mbele yake walipanga vifurushi sita, vyeupe, mafundo yote matatu yakiwa yamefungwa vilevile. Mama Araba alivitazama akahesabu mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Tangu kile cha kwanza nabii alikuwa amekataza visiguswe mpaka mwenyewe apatikane, na kwa wiki sita Bentsiwa alivirundika bandani, akalala njaa na mtoto wake hatua tano kutoka kwenye chakula.

"Bibi, nakuuliza mara ya mwisho," Kojo Arhin akasema. "Kama si wewe, ulimwona nani? Kila siku uko njiani."

"Nimeahidi kunyamaza," Nana Kwansima akajibu.

Watu wakarudi nyuma. Wenzangu, hebu fikirini neno hilo lilivyosikika pale. Ulimwahidi nani? Mliapiana wapi? Vijana wawili wakaanza kukunjua kamba za kumfunga. Bibi aliinua kichwa, macho yake yakampata Mama Araba katikati ya umati, yakapita juu yake pole pole kama yasiyomjua, yakarudi chini.

Mama Araba alijisikia kuoza. Yule kizee hakuwa na benchi wala gauni la kusimama nalo, na alikuwa tayari kupelekwa ng'ambo ya mto kwa ajili ya siri ya mtu mwingine. Mama Araba akasukuma watu kwa viwiko, akaingia katikati.

"Ni mimi," akasema. "Vyote sita. Mwacheni bibi wa watu."

 Niaminini, watu wakacheka.

"Wewe, Mama Araba?" mwanamke wa nyanya akauliza. "Wewe utoe kitu bila kipaza sauti?"

Wakazidi kucheka. Mtu mmoja akasema huyu mama anataka kutajwa hata kwenye uchawi. Alitaja kilichomo, chenga, maharage, samaki watatu watatu, chupa ya mawese, wakafungua kimoja wakakuta kweli, na kicheko kikakatika. Hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Nabii akasema kwa upole wake kwamba basi wako wawili, na kambi ina nafasi.

Mama Araba akamwomba mtu maji. Akaketi chini na gauni lake zuri, akafungua kifurushi cha kwanza kilichoachwa, akamwaga chenga kwenye kiganja, akala. Akavunja samaki, akala na mifupa. Akanywa mawese kidogo kutoka chupani. Alikula mbele ya macho mia, wala hakuna aliyempungia kitambaa.

"Kama ni sumu au uganga, kitanipata mimi," akasema. "Kaeni mnitazame."

Wakakubaliana. Nabii akatoa hukumu: mpaka kengele ya jioni. Akidondoka, bibi anavuka mto siku hiyohiyo. Akibaki mzima, waachwe wote wawili.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Vidonge vyake vilikuwa nyumbani kwenye kopo la chai. Alitaka kuomba viletwe, akafunga mdomo, maana nani angeamini kwamba dawa iliyoletwa ni ya moyo wala si ya kuzimua sumu? Adhuhuri ikapita. Jua likamkalia utosini. Alianza kuusikia moyo wake ukipiga mara tatu haraka, ukisimama, ukijikumbusha, na kila uliposimama aliona nyuso zikisogea karibu kumtazama. Maisha yake yote aliomba Mungu amwone. Sasa aliomba kitu kimoja tu, asife kabla ya kengele, na hakuomba kwa ajili yake. Hata hakugundua kwamba ameacha kujiuliza nani anamtazama.

Alasiri Bentsiwa akatoka ndani, akachuchumaa mbele yake. 

"Mama, kwa nini hukubisha hodi?"

"Nilitaka aone Mungu peke yake."

"Na mimi?" Bentsiwa akasema. "Wiki sita nimelala na panga chini ya mkeka. Ungebisha tu hodi. Ungesema, Bentsiwa, kula."

 Machozi yalimtoka Mama Araba, akayaacha yatoke. Bentsiwa akaingia ndani, akarudi na Nyaneba mgongoni na bakuli la maji. Akaloweka chenga za kifurushi kilichofunguliwa. Kojo Arhin alimkemea, akamwita mwendawazimu, muuaji wa damu ya kaka yake. Bentsiwa akala tonge la kwanza mwenyewe, akangoja kidogo, la pili akamtia mtoto mdomoni. Mtoto alishika mkono wa mama yake kwa mikono miwili asiuondoe.

Kengele ilipolia Mama Araba alikuwa ameketi bado, midomo yake ya kijivu. Hakuna aliyeomba radhi. Nabii alikunja kanzu yake akaondoka, na Kojo Arhin akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna vitu huchukua siku tatu. Mama Araba alimwinua Nana Kwansima kutoka mchangani, au labda bibi ndiye aliyemwinua yeye, ilikuwa vigumu kujua. Akamwambia Bentsiwa: "Jumanne nitakuja. Mchana. Nitabisha hodi, utachoka wewe."

Alikufa Jumatatu alfajiri, kitandani, kopo la chai likiwa wazi kando yake.

Nani angewaambia watu habari za moyo? Muuguzi alisema, akasema tena, wakaitikia ndiyo ndiyo. Saa nne asubuhi mji mzima ulikuwa unahesabu vidole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tatu. Nyumba ya Nana Kwansima ilikutwa tupu, mlango haujakomewa, na kamba zile zikatolewa tena.

Jumanne mchana hodi ilipigwa kwa Bentsiwa. Alikuwa ameingojea hodi hiyo hata baada ya kusikia msiba, moyo wa mtu una mambo yake. Alipofungua alimkuta Kojo Arhin na vijana wanne. Nyuma yao njia ya kanisani ilikuwa chafu, siku tatu haijafagiwa.

Kojo akauliza kama yule bibi yumo ndani.

Bentsiwa hakutoka kizingitini. Nyuma yake, kwenye mkeka, Nana Kwansima na Nyaneba walikuwa na bakuli moja kati yao, na kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa chini, mafundo yamefunguliwa.

"Yumo, shemeji," akasema. "Anakula. Bado kuna vifurushi vitatu. Ingieni mle naye."

Wanaume watano walisimama juani wakitazama bakuli. Hakuna aliyevua viatu, na hakuna aliyeondoka.