Saa ya Tingatinga

Vijana wakija kuniuliza namna ya kuanza kazi ya kusafisha viwanja, nawawekea chai na kuwaeleza bila haraka. Benki haitawakopesha, kwa hiyo mtakodi. Tingatinga la kukodi lina saa ndogo karibu na usukani. Injini ikiwaka, saa hiyo inahesabu mtakacholipa, hata kama mashine imesimama. Dizeli ni yenu. Mwenye kiwanja hulipa kazi ikiisha. Hapo katikati ndipo wengi wanapozama. Msikate tamaa, nawaambia, mimi nilivuka.

Sijawaeleza nilivyovuka.

Mwaka 2016 mke wangu aliweka rehani cherehani zake mbili zilizokuwa zikitulisha pale mtaani kwetu Hillbrow, tukapata fedha za kukodi kwa siku mbili. Kiwanja kilikuwa nje ya mji wa Randburg, kichaka kitupu. Siku ya pili mchana, dereva wangu, Mkongomani wa Lubumbashi aliyenizidi umri, akazima injini.

"Patron, kuja uone."

Chini ya miti ya miiba kulikuwa na mafungu matatu ya mawe, marefu kama watu waliolala. Juu ya moja kulikuwa na kikombe cha bati, kimewekwa kifudifudi.

"Ni mawe tu," nikasema.

"Mawe yanakunywa chai?"

Nikamweleza: tukimwita mwenye kiwanja atasimamisha kazi, hatalipa, na mashine inarudi jioni. Nikamtajia cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ufunguo.

"Basi endesha wewe."

Alijua siwezi. Akaenda kukaa kando ya barabara, akanipa mgongo.

Niliyaondoa mawe kwa mikono, moja moja, nikayapanga kwenye uzio kama ya kuuza. Nilipomwita alitazama ardhi tupu, akanitazama mimi, akapanda, akawasha injini. Hakufanya kazi nami tena.

Jioni mwenye kiwanja alikuja, akasifu, akalipa. Cherehani tukazikomboa. Mwaka uliofuata nilinunua mashine yangu ya kwanza, kuukuu.

Kikombe sikuweza kukiacha pale wala kukitupa. Kiko kwenye sanduku la vifaa. Nikibadilisha mashine, nakihamisha. Siku moja mke wangu alikikuta, akataka kukisugua atilie sukari.

"Cha nani hiki?"

"Sijui," nikamjibu.

Ni kweli. Sijui, kwa sababu siku ile sikutaka kuuliza. Akakirudisha alipokitoa, kifudifudi, bila kuambiwa.