Siku Niliporuka Juu ya Kiwanja cha Zahanati

Jambo hili nimelificha ofisini kwa miaka miwili, lakini nimekuja kugundua kwamba wenzangu wote wa Kibiti wanalijua, tena mpaka rangi ya bukta yangu, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kukagua ardhi kabla watu hawajajenga: je, patatitia, patafurika, mto utamega kingo? Siku hiyo nilitumwa kijiji kimoja cha Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta, ambako wanakijiji walitaka zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Wajawazito wao walikuwa wakipelekwa Nyamisati kwa boti, na wengine walijifungulia njiani. Kiwanja walishakitenga, kipana, tambarare, hakina mti hata mmoja. (Nilipaswa kujiuliza kwa nini kijiji kilichopanda minazi kila penye upenyo kimeacha pale patupu, lakini sikujiuliza, mimi mtu wa Njombe, kwetu ardhi ikikauka imekauka.)

Nilitakiwa kutoboa mashimo matano kwa kekee ndefu ya udongo, manne pembeni na moja katikati. Mwenye boti akaniambia, "Bwana Sanga, maji yakitoka mkondo unakauka, nikikuacha utalala." Basi nikatoboa mawili tu, upande wenye kivuli, nikakuta mchanga mzuri umeshikamana, nikafurahi, na kwenye fomu yale matatu yaliyobaki nikayajazia majibu yaleyale, nikasaini, nikaikunja nikaitia mfukoni. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Mwenyekiti wa kijiji akaita watu wakusanyike ukingoni mwa kiwanja nitoe neno. Nikatoa neno. Nikasema ardhi ni imara, nikasema na maneno ya chuoni ambayo hata mimi siku hizi siyatumii. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye shamba lake la mpunga hapo jirani, Bi Zuhura, jembe begani, akanyoosha mkono.

"Baba, hapo katikati pana mto."

"Mto uko kule, bibi," nikasema, nikamwonyesha.

"Ule ni wa sasa. Huu ndimo alimokuwa akivua marehemu mume wangu. Yakaja mafuriko, ukahama, ukaacha tope, mchanga ukaja kufunika juu."

Hakusema kwa ubishi, alisema kama mtu anayekuelekeza msalani. Nami badala ya kuchukua kekee yangu nikahakikishe, nilijisikia nimedharauliwa mbele za watu, nikatembea mpaka katikati na buti zangu za serikali, nikageuka, nikasema, "Tazameni," nikaruka.

Ile ya kwanza ilikubali. Nikaruka ya pili kwa maringo zaidi, ukoko wa mchanga ukapasuka, nikazama mpaka kiunoni kwenye tope jeusi linalonuka mayai viza. Kila nikijinasua nazidi kushuka. Kwa kitambo hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Usipige mateke, baba," Bi Zuhura akasema. "Lala kifudifudi kama unaogelea."

Wakalaza boriti za mikoko, wanaume wanne wakanivuta kwa kamba. Nilitoka. Buti zilibaki, na suruali nayo ilibaki, na bukta ilikuwa ya njano. Hapo ndipo walipocheka, na sikuwalaumu.

Mwenyekiti, mtu mpole sana, akaniuliza, "Na ile karatasi uliyosaini?"

"Ilikuwa kwenye suruali."

Akatazama lile shimo likijifunga. "Basi afadhali," akasema.

Boti ilikuwa imeshaondoka. Nililala kwa mwenyekiti nikiwa nimevaa msuli wake, na asubuhi, peku, nikatoboa mashimo yote matano. Lile la katikati kekee ilishuka hadi mpini bila kugusa kitu kigumu. Bi Zuhura akanipeleka kwenye mwinuko nyuma ya shamba lake, nikatoboa mengine matano, ndipo zahanati ilipojengwa. Masika iliyofuata kile kiwanja cha kwanza kiligeuka bwawa, na wiki hiyohiyo mkwe wa Bi Zuhura akajifungua mapacha kwenye chumba kikavu.

Habari hiyo Bi Zuhura alinipigia simu mwenyewe kunijulisha, nikampongeza. Kuzama mimi ni kichekesho. Saini yangu ingewazamisha wazazi na vichanga vyao, na fomu ingeonyesha kwamba kila kitu kilikaguliwa. Sirudii tena. Sasa nikifika mahali, kabla sijashusha vifaa nawatafuta wanaolima jirani, na wakiniambia pana hatari ambayo mimi siioni, naiandika kwanza, halafu ndiyo naanza kuitafuta.